Kosa la Mtoto Ndilo Linalochagua Kitabu

403 toa 178. Mvulana wa miaka kumi aliinamia daftari lake barazani kwao, hatua chache kutoka barabara ya Bondo hapa Kombewa, akaandika 375 bila kusita. Mama yake, aliyekuwa pembeni akichambua omena, alinitazama usoni apate kujua kama mwanawe amepatia. Jibu ni 225. Lakini mtoto huyu hakubahatisha. Katika kila safu alitoa tarakimu ndogo katika ile kubwa: 8 na 3 akapata 5, 7 na 0 akapata 7, 4 na 1 akapata 3. Alikuwa na kanuni yake, na aliifuata mwanzo hadi mwisho.

Ana seli mundu, maradhi ambayo familia nyingi za ukanda huu wa ziwa zinayafahamu. Maumivu yakimshika hukosa shule wiki mbili, tatu. Sasa mama ameamua kumfundisha hisabati mwenyewe. "Japuonj," yaani mwalimu, akaniuliza, "ninunue mtaala gani? Wa Cambridge, wa Singapore, au vitabu ambavyo dada yangu aliye Marekani anasema atanitumia?"

Swali hili limenifuata tangu Machi 2020, korona ilipofunga shule zote nchini na wazazi wakajikuta walimu. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021, na wako wazazi waliovutiwa na kazi ile wakaiendeleza. Nami huwajibu vilevile kila mara: usitoe hata shilingi kabla hujajua mtoto wako amekwama wapi. Kitabu kilichoandikwa Gredi ya 5 jaladani hakijui kwamba huyu wa kwako alipotea njia katika Gredi ya 2.

Si jambo la mtoto mmoja. Kwa miaka mingi mpango wa Uwezo uliwapima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda kwa maswali ya kiwango cha Darasa la Pili, na ulikuta wengi wa madarasa ya juu wanaoshindwa nayo. Mzazi anaweza kufanya vivyo hivyo mezani kwake. Andika maswali kumi ya kutoa, anza na 9 toa 4 hadi 403 toa 178, kisha kaa kimya umtazame mtoto. Pale anapoanza kukosea kwa namna ileile mara tatu mfululizo, hapo ndipo mtaala wako unapoanzia, mtoto awe na umri wowote.

Mvulana wetu hakukwama kwenye kutoa. Alikwama kwenye nafasi za tarakimu: haoni kwamba 4 ya 403 ni mamia manne. Na hapa lugha ya nyumbani ni hazina ambayo wazazi wengi wanaiacha nje ya mlango. Kwa Dholuo, kumi na moja ni apar gachiel, kumi na moja kama ilivyo. Ishirini ni piero ariyo, yaani makumi mawili. Arobaini na tatu ni piero ang'wen gadek, makumi manne na tatu. Sita yenyewe, auchiel, imebeba tano na moja ndani yake. Mtoto anayehesabu hivyo anatamka makumi na mamoja bila kufundishwa. Kiswahili kinamsaidia hadi kumi na tisa, kisha kinampa ishirini na thelathini, maneno ya Kiarabu yasiyomwonyesha kumi liko wapi. Kiingereza kinaficha mapema zaidi, tangu kumi na moja. Sera yetu inataka watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao hadi Gredi ya 3, kabla ya Kiingereza kushika usukani katika Gredi ya 4. Nyumbani usiharakishe kuvuka daraja hilo.

Sasa vitabu. Mtaala wa Saxon wa Marekani huongeza jambo jipya kidogo kidogo na kurudia ya zamani kila siku. Kwa mtoto anayekatizwa na ugonjwa, marudio hayo ni dawa, ila jiandae kwa inchi, futi na senti za dola mbele ya mtoto anayeijua gorogoro na lita. Vijitabu vya mtaala wa ACE, kumi na viwili kwa kila somo kwa mwaka, mtoto huvifanya peke yake na kujisahihisha. Mzazi anayeshinda sokoni huvipenda. Mimi nisingempa mvulana huyu, kwa sababu ufunguo wa majibu ungemwambia 375 si sahihi bila kumwonyesha kwa nini. Cambridge ni njia nzuri, lakini ni safari ndefu: mitihani yake ya mwisho hulipiwa somo kwa somo, na asiyeweza kuifikisha mwisho asiianze.

Mbinu ya Singapore, iliyotungwa miaka ya 1980, huanza na kitu mkononi, kisha picha, kisha tarakimu. Mpangilio huo ndio unaomfaa. Lakini si lazima kununua vitabu vya Singapore kuupata. Miongozo ya mtaala wetu wa umilisi, ambayo KICD, taasisi ya mitaala nchini, imeiweka kwenye tovuti yake, inaeleza gredi kwa gredi kile mtoto anachotakiwa kujua. Nilimshauri mama achukue ule wa Gredi ya 2, afundishe kwa vitu vya mkononi, na asichanganye mitaala miwili kwa wakati mmoja.

Ninaupendelea mtaala wa Kenya kwa sababu nyingine pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa shuleni na anahudhuria, kwa hiyo mama huyu hakumtoa mwanawe. Amekubaliana na mwalimu mkuu amfundishe hisabati nyumbani huku akibaki kwenye orodha ya shule. Rekodi za shule nazo zina uzito. Alama za mwisho za Gredi ya 9 zinahesabu tathmini ya Gredi ya 6 kwa asilimia 20 na kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8 kwa asilimia 20 nyingine. Mtoto asiye na rekodi hizo anaanza akiwa nyuma. Tena, tangu uamuzi wa mwaka 2025, hisabati ni ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, atakayesomea sayansi na atakayesomea michezo.

Jioni hiyo tulikata njiti za ufagio, tukazifunga kumi kumi kwa raba. Nikamwomba anipe piero ang'wen gadek. Akaweka mafungu manne na njiti tatu. Toa kumi na nane. Akashika njiti tatu, akasita, akaangalia mafungu, kisha akavuta raba ya fungu moja, njiti zikamwagika mkekani. Akahesabu zilizobaki: ishirini na tano. Kwenye daftari alikuwa ameandika 35. Akaifuta mwenyewe.

Kisha akarudi kwenye 403, akaweka kidole juu ya sifuri. "Na hapa hakuna fungu. Nifungue nini?"

Mama alikuwa ameshasukuma kando sinia la omena, anafunga mafungu kumi kuwa fungu moja kubwa.