Ulinganisho wa Zana za Uchanganuzi wa Matumizi ya Programu za Simu katika Mazingira ya Wachimbaji Wadogo wa Shinyanga na Geita

Zana ya uchanganuzi ni msimbo unaopachikwa ndani ya programu ya simu ili kumwarifu mwundaji wake jinsi programu hiyo inavyotumika: ukurasa upi umefunguliwa, kitufe kipi kimebonyezwa, na hatua ipi watumiaji wengi wameachia njiani. Ulinganisho wa zana hizi kwa kawaida hutazama bei, wingi wa ripoti na wepesi wa kuzipachika. Vigezo hivyo vinatosha mahali ambapo simu iko hewani saa zote. Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama na Bulyanhulu hadi Nyarugusu na mji wa Geita, kuna swali linalovitangulia: tukio lililofanyika simu ikiwa nje ya mtandao huhifadhiwa kwa muda gani kabla ya kutupwa?

Chukulia programu inayomwezesha mchimbaji mdogo kuona bei ya dhahabu na kuweka kumbukumbu za mauzo yake. Haja ya programu ya namna hiyo ni dhahiri, hasa tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019 na biashara iliyokuwa ikifanyika machimboni kuanza kuelekezwa sokoni. Lakini mtumiaji wake hushinda kwenye duara, kwenye karasha au kwenye mwalo. Bando hununuliwa kwa kadiri ya haja, na chaji hutegemea sola ya kibanda. Simu inaweza kukaa siku kadhaa bila intaneti ilhali programu inatumika kila jioni.

Hapa ndipo zana zinapotofautiana kwa namna ambayo majedwali ya bei hayaonyeshi. Zana ya Google inayokuja na Firebase, iliyotolewa mwaka 2016, hukusanya matukio ndani ya simu na kuyatuma kwa mafungu. Yakihamishiwa BigQuery, majedwali ya kila siku huendelea kusahihishwa kwa matukio yaliyochelewa hadi saa 72. Mixpanel, iliyoanzishwa mwaka 2009, huweka foleni yake katika hifadhidata ndogo ndani ya simu. Kwa mpangilio wa awali kwenye Android, tukio lililokaa zaidi ya siku 5 hufutwa. Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, ni ya chanzo huria na huwekwa kwenye seva ya mwundaji mwenyewe. Mpangilio wake wa awali kwenye Android ndio mkali kuliko yote, kwani tukio la nje ya mtandao huhifadhiwa kwa saa 24 tu. Muda huo unaweza kuongezwa, lakini kuuongeza upande wa simu pekee hakusaidii. Seva ya Matomo nayo hukataa tukio lenye tarehe ya zaidi ya saa 24 nyuma endapo halikuambatana na ufunguo wa idhini, na ufunguo huo haufai kufichwa ndani ya programu ya simu kwa kuwa yeyote mwenye ujuzi anaweza kuuchopoa. Sharti mpangilio wa seva ubadilishwe pia, au matukio yapitie seva ya kati.

Athari yake si upungufu wa takwimu tu. Wanaopotea ni kundi maalumu: walio mbali zaidi na minara. Mwundaji anayesoma ripoti iliyopungua hivyo ataona kwamba programu inapendwa Kahama mjini na Katoro, na kwamba machimboni haina watu. Akiamua kwa msingi huo kuacha kuihudumia sehemu isiyohitaji mtandao, atakuwa amewaondolea huduma wale iliyokusudiwa kwao.

Kipimo cha pili kinachopotosha ni idadi ya watumiaji hai. Mtumiaji asipojisajili, zana zote tatu hutambua usakinishaji wa programu, wala si mtu. Simu moja ikitumiwa na wenzi watatu wa duara, huhesabiwa mmoja. Mtu mmoja akiifuta programu kwa kuwa kumbukumbu ya simu imejaa, kisha akaisakinisha upya, huhesabiwa wawili. Makosa haya mawili hayafidiani, maana moja hutegemea desturi ya kazi na jingine hutegemea ubora wa simu.

Kigezo cha tatu ni mahali data inapolala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania. Firebase na Mixpanel huhifadhi data kwenye seva zilizo nje ya nchi. Matomo inaweza kukaa Dar es Salaam au Mwanza. Hata hivyo, seva ya nyumbani isiyosasishwa ni hatari kuliko seva ya mbali inayotunzwa, na kikundi cha waundaji wawili au watatu mara nyingi hakina wa kuikesha.

Kwa mchimbaji, suala hili lina uzito kuliko sheria yenyewe. Tukio linalobeba uzito wa dhahabu, eneo la simu na saa ya mauzo linamwonyesha yeyote atakayelipata ni nani anayerudi kambini na fedha, na anapita wapi. Kwa sababu hiyo, zana yoyote itakayochaguliwa, uzito halisi na eneo la simu visiingizwe kamwe katika matukio. Kwa uchanganuzi, inatosha kujua kwamba muamala umekamilika na katika wilaya gani. Kwa kikundi kisicho na mtunza seva, Firebase iliyopunguzwa hivyo ndiyo inayofaa zaidi. Matomo inastahili kutangulizwa pale ambapo kuna mtu anayelipwa kuitunza, na baada ya kikomo cha saa 24 kuondolewa pande zote mbili.