Je, Kumbukumbu Imefutika Kweli?

Mwalimu afutapo ubao, huyaona maandishi yakitoweka. Mhandisi afutaye kumbukumbu ya kompyuta ndogo hana bahati hiyo. Yeye hana budi kuuliza, tena aulize maswali yanayofaa.

Kompyuta tunayoizungumzia hapa ni maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyokusanywa katika kipande kimoja cha silikoni, kama ile iliyomo ndani ya mita ya umeme. Programu yake hukaa katika kumbukumbu iitwayo flashi, isiyopoteza kitu umeme ukatikapo. Aliyeibuni ni Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, naye aliitangaza mwaka 1984. Jina lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, aliyeona kuwa ufutaji wake wafanana na mmweko wa kamera.

Kila seli ya flashi ni transista yenye lango la ziada lililozungukwa na kihami pande zote. Elektroni zikisukumwa humo kwa volti kubwa, hunaswa kwa miaka mingi. Seli yenye elektroni husomwa 0, na iliyo tupu husomwa 1. Kuandika, basi, ni kugeuza 1 kuwa 0. Kurudisha 1 ni kuzitoa elektroni, na kazi hiyo haifanywi kwa seli moja moja bali kwa kundi zima, liitwalo ukurasa. Ni kana kwamba kosa la herufi moja lamlazimisha mwalimu kufuta ubao wote.

Tuchukue mfano wa STM32F103, chipu ya kampuni ya STMicroelectronics. Aina yenye baiti 65,536 ina kurasa 64 za baiti 1,024 kila mmoja. Chipu iwashwapo, kumbukumbu huwa imefungwa, na hufunguliwa kwa namba mbili maalumu zinazoandikwa kwa kufuatana. Ukikosea, hubaki imefungwa mpaka chipu ianzishwe upya. Tahadhari hii si ya bure, kwani programu iliyopotoka ingeweza kujifuta yenyewe. Baada ya kufungua, programu hutaja ukurasa, huamuru ufutwe, kisha hungoja milisekunde 20 hadi 40.

Itajuaje kuwa kazi imekwisha? Ipo rejista ya hali, ambayo biti zake ni mithili ya taa ndogo. Moja huwaka kazi ikiendelea, nyingine ikimalizika. Ya tatu huonya kwamba ukurasa umekingwa, na ya nne kwamba programu imejaribu kuandika mahali pasipofutwa. Wanafunzi wengi huitazama ile ya kwanza tu. Ikizimika, hudhani wamefaulu, kumbe chipu imesema tu kuwa haina kazi tena.

Mwanafunzi wangu mmoja alitengeneza chombo cha kupima mvua kwa kutumia chipu hiyo. Usiku mmoja betri ilidhoofu katikati ya ufutaji. Jua lilipochomoza chombo kikaamka, na rejista, ambayo hurudi sifuri kila chipu ianzapo upya, haikuonyesha kosa lolote. Programu ikaanza kuandika. Chipu ilikataa kila ilipokuta mahali pasipo safi, na ikawasha taa ya onyo, ambayo hakuna aliyeisoma. Vipimo vya siku tatu za masika vikapotea.

Dawa ya kwanza ni kuusoma ukurasa wenyewe: kila baiti yapasa kuwa 255, yaani biti zote 1. Hata hivyo, seli iliyofutwa nusu yaweza kusomwa 1 leo na 0 kesho, joto libadilikapo. Basi, kwa nini tusifute upya kila chombo kiamkapo? Kwa sababu kihami huchakaa. Mtengenezaji huahidi ufutaji 10,000 tu kwa kila ukurasa, na chombo kinachofuta ukurasa uleule kila saa hufikia idadi hiyo baada ya siku 416 hivi.

Sasa chombo chake huandika alama katika ukurasa wa pili kabla ya kufuta ule wa kwanza, na alama nyingine baada ya kuukagua. Kikiamka na kuikuta alama ya mwanzo pasipo ya mwisho, hufuta upya.