Kuyafuata Maji ya Falaji, Birkat al-Mouz

Mgeni afikaye Birkat al-Mouz, mji ulio chini ya Jabal Akhdar, si mbali na Nizwa katika nchi ya Omani, hupelekwa kwanza kwenye ngome ya Bait al-Rudaidah, na hapo huonyeshwa falaji ya al-Khatmein, mfereji ambao maji yake, yakisha kusafiri takriban kilomita 2 na nusu, hukatwa mafungu matatu yaliyo sawasawa. Aongozwaye na mtu ajuaye kazi huambiwa ainame ayatazame maji yenyewe: maangavu, yenye mwendo wa upole, kwa kuwa mafundi wa kale waliipa njia yake mteremko mdogo mno, wakijua kwamba ukizidi maji yatazila kuta, na ukipungua yatasimama na kuujaza mfereji mchanga.

Kutoka ngomeni matembezi huelekea juu, yakiukabili mkondo, mpaka pale mfereji unapozama ardhini, na juu ya nchi kavu hubaki safu ya midomo ya visima, imezungushiwa kingo ili mafuriko ya bondeni yasiingie. Chini ya midomo hiyo umepita mfereji wa giza, uliochimbwa kwa mkono hadi kwenye kisima mama, ambako mvua ya mlimani, iliyokwisha kunywewa na changarawe, hujikusanya. Na kwa visima hivyo wachimbaji walipata hewa, wakatoa vifusi, na warithi wao wakapata njia ya kushuka kusafisha. Katika ufundi huu kabila la Awamir lilipata sifa kote nchini. Hapana pampu hapa, wala ndoo, wala ng'ombe wa kuvuta; uzito wa maji ndio uyaendeshao, usiku na mchana. Hata falaji inapokutana na bonde la mto, mafundi mahali pengine waliyatumbukiza maji katika shimo upande mmoja, wakayapitisha chini ya bonde, yakapanda yenyewe upande wa pili, mradi mdomo wa kutokea uwe chini kidogo kuliko wa kuingilia.

Lakini mimi naona handasa iliyo kubwa zaidi ni ile ya kugawa. Mahali pa kwanza maji yatokeapo nje huachiwa watu wote wateke ya kunywa. Kisha hufuata matumizi ya msikitini na ya kuoga, na mwisho mashamba ya mitende na migomba. Na shamba halipimiwi maji kwa kipimo cha ujazo, bali kwa wakati: fungu moja huitwa athar, nalo ni muda wa nusu saa, ambao zamani ulijulikana mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, na usiku kwa kuchomoza nyota. Zamu yako ikiingia, unauondoa mlangoni mwa shamba lako mzigo wa mawe na matambara uliouziba, unauhamishia kwenye mkondo mkuu, na maji yanageuka kuja kwako; ikiisha, unaurudisha. Mafungu mengine ni wakfu wa msikiti, na mengine ni ya falaji yenyewe, ambayo wakili wake huyanadi ili ipatikane fedha ya matengenezo.

Wenyeji husimulia kwamba aflaji, yaani falaji zikiwa nyingi, za kwanza zilichimbwa na majini kwa amri ya Nabii Suleiman. Zilizo nyingi katika zile zisifiwazo leo zilijengwa au kufufuliwa na Maimamu wa Yaarubi, na miongoni mwao ni Saif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na ambaye kwao hukumbukwa zaidi kwa mifereji na mitende. Aflaji zipatazo 3,000 zingali zikitumika, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano, al-Khatmein ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia.

Heshima hiyo haizuii hatari iliyopo. Falaji haiyavuti maji, huyapokea tu yakiwa yamefika kimo cha kisima mama. Na pampu za mashine zikikishusha kimo hicho kwa dhiraa chache, mfereji uliodumu karne nyingi hukauka hali kuta zake zi nzima. Ndiyo sababu desturi iliiwekea kila falaji harimu, eneo ambalo ni marufuku kuchimbwa kisima kingine, kwa kuwa achimbaye humo huwa ameyatwaa, bila zamu wala kipimo, maji ya watu waliokubaliana kugawana nusu saa kwa nusu saa.