Nafasi ya Wakazi wa Pembezoni mwa Dar es Salaam katika Kupanga Mitaa Yao

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeelekea pembezoni, katika maeneo kama Chanika, Chamazi, Kivule na Goba, ambako mashamba yalikatwa vipande na kuuzwa kabla ya barabara kupimwa.

Matokeo yake yanafahamika. Maji na usafiri hulalamikiwa, lakini kero iliyo chini ya nyingine zote ni njia. Pasipo na njia, gari la taka halifiki, la zimamoto halipiti, na mvua za masika hujitafutia mkondo katikati ya nyumba za watu.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaruhusu makazi ya namna hiyo kurasimishwa badala ya kubomolewa, na utashi wa wakazi wenyewe ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa kabla eneo halijatangazwa. Uamuzi, kwa hiyo, huanzia katika mkutano wa mtaa, ambao ni haki ya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Hapo ndipo penye ugumu. Barabara haipatikani bila mtu kuachia ardhi, na mara nyingi anayeachia ni yule mwenye kiwanja kidogo kando ya njia, ilhali anayenufaika zaidi yuko ndani. Mitaa inayolikwepa suala hili mkutanini hulikuta tena siku mpimaji anapofika, likiwa limegeuka ugomvi wa mipaka. Ni heri majirani wakubaliane mapema nani ataachia hatua ngapi, na wenzake watamfidia vipi.

Lipo pia lisilojadiliwa kwa kura. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, hivyo aliyejenga kando ya Mto Mzinga au Msimbazi hawezi kutarajia hati kwa ridhaa ya majirani pekee.

Rasimu ya mchoro wa mipango miji huwekwa wazi ili wananchi waikague. Mwenye pingamizi anashauriwa kuliwasilisha wakati huo, kwa maandishi, kabla mchoro haujaidhinishwa.