Televisheni ya Sola: Mbona Betri Inakwisha Mapema?



Kikundi kimoja huku Garissa kilichanga pesa miezi mingi, kikanunua paneli ya sola, betri, inveta na televisheni, ili watu watazame habari na mpira kwa ada ndogo. Jioni ya tatu betri ilizima kabla taarifa ya habari haijaisha. Watu wakasema betri ni mbovu. Tulipoiangalia pamoja na fundi, betri ilikuwa nzima. Umeme ulikuwa ukipotea njiani.

Tazameni. Betri hutoa volti 12. Inveta huzipandisha hadi 240. Halafu televisheni huzishusha tena, kwa kuwa ndani yake hutumia volti chache. Kila mageuzi hula umeme, na ulioliwa hutoka kama joto. Tuseme kila mara zinapotea sehemu 15 katika 100: mwisho zinabaki 72 tu. Betri ambayo ingefika saa 20 itafika saa 14.

Joto hilo latoka wapi? Ndani ya kigeuza umeme mna swichi ndogo inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Ifananisheni na lango la boma. Ukilifunga mbuzi wakiwa wanapita, watabanwa. Ukingoja nafasi, haumii hata mmoja. Swichi ya kawaida hugeuka umeme ukiwa unapita, ndipo inachemka. Kwa hiyo wahandisi wamebuni vigeuzi vya swichi laini: koili na kapasita huuyumbisha umeme kama bembea, na swichi hugeuka umeme unapofika sifuri. Vifaa hivyo havichemki sana.

Kituo kikubwa cha sola cha Garissa, cha megawati 50, kilichozinduliwa 2019, lazima kitumie inveta kwa sababu kinalisha gridi ya taifa. Ninyi hamlazimiki. Basi fanyeni hivi:

1. Nunueni televisheni ya volti 12 inayofungwa kwenye betri bila inveta. Hakikisheni inavumilia volti 14 na zaidi, maana betri ikichajiwa hupanda. Msisahau fyuzi.

2. Kama inveta ni lazima, chagueni inayolingana na mzigo wenu. Ile kubwa hula umeme hata ikikaa bure. Izimeni baada ya kazi.

3. Iwekeni penye hewa, mbali na vumbi. Jua letu tayari ni kali.

Kasha likichemka mno, jueni ni pesa za kikundi zinazoungua.