Kamera inayoifichua gesi isiyoonekana kwa macho

Wakaazi wa Porter Ranch, kitongoji cha jiji la Los Angeles nchini Marekani, walianza kunusa harufu ya mayai viza mwishoni mwa mwezi Oktoba mwaka 2015. Baadhi yao waliumwa kichwa, wengine wakatokwa na damu puani. Walipovitazama vilima vya Aliso Canyon, ambako gesi asilia huhifadhiwa chini ya ardhi, hawakuona chochote ila anga safi.

Harufu hiyo haikuwa ya methani yenyewe, ambayo haina rangi wala harufu. Ilitokana na kemikali zinazochanganywa kwenye gesi kwa makusudi, ili inapovuja watu watahadhari.

Mwezi Desemba, shirika la kutetea mazingira la Environmental Defense Fund lilitoa video iliyopigwa kwa kamera ya infraredi. Wingu zito lilionekana likifuka kutoka kilimani mithili ya moshi wa moto wa msitu. Malalamiko ya wakaazi sasa yalikuwa na ushahidi ambao hata mtu wa mbali angeweza kuuona.

Kamera ya aina hiyo hutegemea miale ya joto, ambayo kila kitu huitoa, iwe ukuta, ardhi au anga, ingawa jicho haliioni. Methani hufyonza sehemu ya miale hiyo, hasa yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 3.3. Kichujio cha kamera hupitisha miale ya kundi hilo pekee, na kihisi chake hupozwa hadi karibu nyuzijoto 200 chini ya sifuri, la sivyo joto la kamera yenyewe lingeivuruga picha. Gesi inapopita mbele ya ukuta wenye joto, miale hupungua na kitu kama kivuli hujitokeza.

Hapo ndipo ulipo pia udhaifu wake. Gesi na kilicho nyuma yake vikiwa na joto sawa, hakuna kitakachoonekana. Upepo mkali nao huitawanya. Aidha, picha peke yake huonyesha mahali gesi inapovujia, si kiasi chake. Wanasayansi walilazimika kurusha ndege yenye vipimo, na ikabainika kuwa takriban tani 97,000 za methani zilitoka kabla ya kisima kuzibwa mwezi Februari 2016. Wakati huo maelfu ya familia zilikuwa zimeyahama makaazi yao.

Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2019 ilieleza kuwa bomba la kisima hicho, kilichochimbwa miaka ya 1950, lililiwa na kutu kwa upande wa nje, chini kabisa ardhini, mahali ambapo kamera hiyo isingeweza kufika.