KULITUNZA CHUJIO LA MCHANGA
Mwaka 1997 kipindupindu kilizuka Nyanza, na maji ya Ziwa Viktoria yakaonekana kuwa njia mojawapo ya kuueneza ugonjwa huo. Basi watu wa Homa Bay na Migori wenye chujio la mchanga nyumbani yawapasa kulitunza vema.

Juu ya mchanga huota utando mwembamba ulao vijidudu. Hukomaa kwa wiki mbili au tatu. Maji yasimame daima sentimeta 5 juu ya mchanga, utando usikauke.

Maji yakitoka polepole mno, mwenye chujio asioshe mchanga wote, kwani atauharibu utando. Anawe mikono, akoroge uso wa mchanga taratibu, kisha ayateke maji machafu na kuyamwaga. Na kwa kuwa chujio halimalizi vijidudu vyote, maji ya kunywa yachemshwe, hasa siku za kwanza baada ya kusafisha.